HAKI YA NJIA NA TAA YA MPITA NJIA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Muumba wa mwangaza na kiza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, mliokusanyika misikitini na mnaotusikiliza majumbani mwenu, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu katika yaliyo makubwa na katika yale tunayoyadharau kuwa ni madogo.

Maneno yetu ya Ijumaa hii yanahusu njia zetu za mitaani, yaani sakafu tunazokanyaga na taa zinazotumulikia. Huenda miongoni mwenu akawapo wa kusema kuwa habari za matofali na nguzo za taa ni za Baraza la Manispaa, na kwamba mimbari ina mambo yake. Sisi tunasema kuwa njia imo ndani ya dini tangu siku za mwanzo. Mtume (s.a.w.) ameihesabu imani kuwa ina matawi sitini na kitu, na katika mapokezi mengine sabini na kitu. La juu kabisa ni kushuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa ila Allah, na la chini ni kuiondoa njiani kila kitu chenye kuudhi. Tawi la chini nalo ni tawi, na mwenye kulikata hawezi kudai kuwa hakuugusa mti. Tena ametueleza habari za mtu aliyekuwa akipita akakuta tawi la miba limeziba njia, akalitoa, na Mwenyezi Mungu akalipokea tendo lake akamsamehe. Mtu huyo hakutajwa jina wala kabila, wala hatukuambiwa kuwa yeye ndiye aliyeliangusha tawi lile. Alilikuta akaliondoa, basi.

Wanafunzi waliosoma kwa mashekhe zetu wa pwani wanakijua kitabu cha Al-Minhaji cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277 wa miladi. Wengi wetu tulipokuwa wadogo tulizipita haraka haraka kurasa zake za suluhu na mipaka, tukiwa na shauku ya kufika milango ya ndoa na mirathi. Lakini katika kurasa zile Imam ametaja mambo ambayo mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja akitoka mlangoni kwake atayaona kwa macho. Amesema kuwa njia ya watu wote, iliyo wazi pande mbili, haifai kufanyiwa jambo lenye kuwadhuru wapitao. Akataja roshani yenye kutokeza juu ya njia, na wikio lenye kuunganisha nyumba mbili, akashurutisha kuwa viwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake amesimama wima. Na ikiwa njia hiyo hupitwa na misafara, basi viinuliwe hata apite ngamia aliyebeba machela yenye kivuli chake. Kisha akataja kujenga kibaraza katika njia, na kupanda mti, akasema kuwa ni haramu. Ipo kauli nyingine, dhaifu kuliko hiyo, inayoruhusu pale ambapo hapana mwenye kudhurika. Ama kichochoro kisichopenya, hicho ni cha wenye milango ndani yake, na hapana mmoja wao anayeweza kukitokezea ila kwa ridhaa ya wenzake.

Tusifahamike vibaya. Hatukusudii kuzilaumu baraza zetu za mawe. Nyingi zimejengwa pamoja na nyumba zenyewe, zimeshikana na kuta, na mpita njia huzipumzikia. Masika yanaposhuka na maji yakajaa kichochoroni, watu hupita juu ya baraza hizo hizo wakasalimika na tope. Baraza ya namna hiyo inamsaidia mpita njia. Tunalolisema ni hili la siku za karibuni. Mtaa unatandikwa matofali mapya ya saruji, watu wanafurahi, na kabla ya mwezi kumalizika mwenye duka ametoa meza mbili na friji nje, jirani yake ameongeza ngazi ya saruji mpaka katikati ya njia, wa tatu ameegesha vespa yake, na wa nne amemwaga kifusi cha nyumba anayoitengeneza akisema atakiondoa kesho. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kumi kupita inabaki ya mtu mmoja, naye apite kwa ubavu.

Hapa pana watu wawili tusiowachanganya. Yupo mama aliyekaa pembeni na sinia lake la vitumbua, au kijana mwenye kikapu cha machungwa, anatafuta riziki ya halali. Fiqhi yetu imemrehemu mtu huyu zaidi kuliko baadhi ya watu wanaomfukuza. Imam Nawawi ameandika kuwa yafaa mtu kukaa njiani kwa kupumzika na kwa kuuza na kununua, maadamu hawabani wapitao, tena haikushurutishwa kuwa atake ruhusa ya mtawala. Shida yetu iko kwa yule mwingine, mwenye mlango wake na duka lake na ghala lake, ambaye vyote hivyo havikumtosha ila aikate na njia ya Waislamu aitie katika mali yake. Amechukua shubiri, kisha dhiraa, na kila anayepita anadhulumiwa kidogo. Naye siku ya kutaka kutubia atawatafuta wapi watu wote hao awaombe msamaha?

Na wanavyuoni hawakuishia katika kukataza, wameingia mpaka katika dhamana. Mwenye kutupa takataka au maganda ya tikiti njiani, akateleza mtu kwa sababu yake akaumia, kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ni kuwa aliyetupa anadhaminishwa. Mwenye kuchimba shimo katika njia nyembamba likawadhuru wapitao, naye ni mdhamini. Tungependa kila mkandarasi anayepewa kazi ya kulaza bomba au kutandika matofali alijue hilo. Mara ngapi tumeona njia imefumuliwa, bomba limelazwa, kisha mchanga ukarudishwa bila ya kushindiliwa, na matofali yakapangwa juu yake kwa haraka? Kwa mwezi mmoja njia inapendeza. Yakija maji ya mvua yanauchukua mchanga ule kwa chini, matofali yanazama, panakuwa bonde, na katika bonde hilo hukaa maji machafu na huvunjika mguu wa bibi wa watu. Mkandarasi keshalipwa. Karatasi zake zimetiwa saini kuwa kazi imekamilika, lakini hesabu ya mguu ule haijafungwa.

Ndugu zetu, kisa kinachotushughulisha zaidi katika maudhui haya ni cha Abdullahi bin Ummi Maktum (r.a.), sahaba kipofu. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akaeleza udhuru wake, kuwa haoni, nyumba yake iko mbali, na kiongozi anayemkamata mkono hamfai. Na katika mapokezi mengine alitaja kuwa Madina ina wadudu wenye madhara na wanyama wakali. Akataka ruhusa ya kusali nyumbani. Mtume (s.a.w.) akamuuliza iwapo anaisikia adhana. Alipojibu kuwa anaisikia, hakumpa ruhusa aliyoiomba. Wanavyuoni wana maelezo marefu juu ya hukumu ya jamaa katika hadithi hii, na leo si mahali pake. Linalotuhusu sisi ni jambo jingine. Ikiwa kipofu ameitwa aje msikitini, wenye macho wameitwa kufanya nini? Yeye wajibu wake ni kuja. Njia atakayoijia iko mikononi mwa nani? Leo kipofu wa mtaani kwetu anatoka na fimbo yake alfajiri, anajua kwa kuhesabu hatua kuwa baada ya hatua ishirini kuna kona. Jana usiku mtu ameweka rundo la kokoto katika hatua ya kumi na tano. Yule aliyeweka kokoto huenda yumo katika safu ya kwanza.

Na usiku usio na taa humfanya kila mmoja wetu kuwa kama kipofu. Mzee mwenye maradhi ya sukari ambaye macho yake yamefifia, mama anayetoka kwenda kumtazama mgonjwa, mkunga aliyeitwa saa nane za usiku, mtoto anayerudi chuoni baada ya Magharibi na juzuu yake kifuani, wote hao wanaihitaji taa kuliko kijana mwenye nguvu. Mtu akikuambia kuwa mtaa wenu hauna haja ya taa, mtazame kwanza umri wake, kisha muulize kama yeye hupita humo kwa miguu au kwa gari.

Habari ya taa katika Uislamu nayo ni kongwe. Imepokewa kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kuwa wa kwanza kuwasha taa katika misikiti ni Tamim ad-Dari. Na Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipowakusanya watu katika sala ya tarawehe, misikiti ikang'aa kwa kandili, Sayyidna Ali (r.a.) alipita akaona, akamwombea Umar nuru ya kaburi kwa jinsi alivyoitia nuru misikiti. Umar huyo huyo imepokewa kwake, kwa maneno yanayotofautiana, kuwa alichelea kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama ajikwaaye au apoteaye katika ncha za Iraki, kwa nini hakumtengenezea njia. Yeye alikuwa Madina. Baadaye miji ya Kiislamu ikaja kusifika kwa mambo haya, na walioandika habari za Kurtuba ya Andalusi wametaja njia zake zilizotandikwa mawe na taa zilizomulika usiku, katika zama ambazo miji mingi ya Ulaya ilikuwa katika tope na kiza. Lakini tusikae sana katika fahari ya Kurtuba. Wale wameshatanguliza yao, na sisi tuna Mkunazini na Kiponda na Kwahani za kutengeneza.

Hapa kwetu Unguja umeme ulitangulia kufika majumba ya wakubwa. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ni miongoni mwa majengo ya mwanzo kutiwa taa za umeme katika mwambao huu, na watu walikuwa wakisimama nje kuitazama. Ng'ambo ya pili ya maji ya Darajani, walikokaa wengi, walingoja miaka mingi kupata sehemu ya kile kilichopatikana upande wa mawe. Na hata leo mtihani wa uadilifu wa mji ni huo huo. Taa zinawekwa kwanza pale wageni wanapopita na picha zinapopigwa, au pale wanapopita watu wa mji wakienda kazini na msikitini? Mji Mkongwe umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, nasi tunashukuru. Lakini mwenye haki ya kwanza katika njia ya mtaa ni mwenye kuipita kila siku.

Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka miezi ya kiza. Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mpaka Fumba. Mwaka 2008, kuanzia mwezi wa Mei, kisiwa kizima kilikaa karibu mwezi mmoja bila ya umeme huo, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, na waliomudu wakawasha majenereta. Mwaka 2013 ukalazwa waya mpya, na Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar, ulioanza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukashughulikia mitaro ya maji ya mvua, ukuta wa bahari wa Mizingani na taa za njiani. Neno mkopo tulizingatie. Mkopo hulipwa, na watakaoulipa ni wajukuu wa hawa wanaozivunja taa kwa mawe ya panda.

Sasa tuzijibu hoja tunazoletewa. Wanafunzi wametuuliza, nao walikuwa na nia njema, kuwa Mtume (s.a.w.) amewabashiria wenye kutembea gizani kwenda misikitini kuwa watapata nuru kamili Siku ya Kiyama. Je, njia ikitiwa taa bishara hiyo haitatupotea? Tuliwajibu kuwa sifa imekwenda kwa mtu ambaye kiza hakikumzuia, wala kiza chenyewe hakikusifiwa. Mwenye kuamka alfajiri akauacha usingizi na mto wake, huyo ameshakishinda kiza kikubwa kuliko cha njiani. Na iwapo yupo anayekitafuta kiza kwa ajili ya thawabu, basi asimlazimishe nacho bibi yake mwenye miaka sabini.

Wengine husema kuwa kiza ni sitara, na taa zitawakusanya vijana chini yake usiku kucha kwa upuuzi. Hofu hii ina sehemu ya ukweli. Hata hivyo kijana aliye chini ya taa unamwona, unamjua ni mtoto wa nani, na unaweza kumsemesha. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha sahaba zake wasikae njiani. Waliposema kuwa hawana budi na vikao vyao, aliwaambia waipe njia haki yake, akaitaja kuwa ni kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Wazee wa mtaa washuke barazani wakae na vijana hao, wawafundishe haki hizo kwa kauli laini. Mzee anayefunga dirisha lake na kulaani hajatimiza kitu.

Hoja ya tatu ni ya haki kabisa, na tunawataka mafundi waisikilize. Vichochoro vyetu ni vyembamba na madirisha yanatazamana. Taa kali ikifungwa sawa na dirisha la ghorofa humulika chumba cha watu, ikawanyima usingizi na ikawatoa wake za watu katika sitara yao. Taa ya njia iinamishwe imulike njia. Jambo hili halina gharama zaidi ya fundi kuuliza mwenye nyumba kabla hajapanda ngazi.

Limebaki la matunzo, nalo ndilo linaloziua taa nyingi kuliko mawe. Taa ya jua hula mwanga mchana kwa kibao chake, ikauweka katika betri, ikautoa usiku. Kibao kikijaa vumbi na kinyesi cha ndege, hakili. Betri nayo ina umri, baada ya miaka michache huchoka na hutakiwa ibadilishwe, na hewa ya chumvi ya bahari hula vyuma na viungio. Basi taa inazinduliwa kwa hotuba na ngoma, na siku betri inapokufa hapana aliyewekewa jukumu wala fungu la kuinunua. Nguzo inabaki imesimama mchana na usiku, haina tofauti na mnazi uliokatika kichwa. Wakati huo huo, kwengineko utaona taa zinawaka jua la saa saba za mchana, na dini yetu inayotuamrisha kuzima taa tunapolala haiwezi kuridhika na israfu hiyo.

Ama anayekata waya wa shaba wa taa za njia akauuza, huyo ameiba mali ya kila mpita njia, yatima wakiwemo. Na anayeinunua shaba hiyo kwa mizani huku anajua ilikotoka, basi aitazame fedha yake vizuri kabla hajaitoa zaka.

Wako waliotuuliza juu ya msikiti uliojaa taa ndani ilhali njia yake ni kiza, iwapo inafaa fedha za wakfu wa msikiti zitiwe taa ya njiani. Wanavyuoni wetu wamekaza sana katika kulinda sharti la mwenye kuweka wakfu, na kilichowekewa taa za ndani hakihamishwi kwa rai ya imamu au kamati kwa sababu tu wameona vyema. Ama taa ya mlango wa msikiti, ambayo kwa kumulika kizingiti humulika na njia, hiyo ni ya msikiti na wapitao wananufaika. Kwa mwenye wasaa mlango uko wazi kwa namna nyengine: aweke wakfu mpya, autamke na auandike kuwa ni wa taa za njia fulani, kwa kununua betri na kumlipa fundi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa kazi za namna hii. Watu wetu wamezoea kumnunulia marehemu wao misahafu na mikeka, na misikiti mingine ina misahafu kabatini isiyofunguliwa mwaka mzima. Betri ya taa kwa jina la mama yako, inayomwangazia mtoto wa jirani akirudi chuoni, nayo ni sadaka yenye kuendelea.

Na asiye na wasaa wa fedha ana mikono. Jumapili moja ya kila mwezi watu wa mtaa wautoe mchanga katika mtaro wao kabla ya masika, maana mtaro ukiziba maji huingia chini ya matofali yakayafumua. Masheha wasingoje barua. Na wenye kifusi njiani wakiondoe leo kabla ya Magharibi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye waliovunjika viungo katika njia zetu, awarehemu waliofikwa na mauti humo usiku, azitie nuru nyumba zetu na makaburi ya wazee wetu, na awape viongozi wetu moyo wa kuuliza habari za vichochoro wasivyovipita. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.